Barua ya wazi kwa mnaotuletea maji: mkibadilisha chanzo, tuambieni

Waheshimiwa mnaosimamia maji ya mji wetu,

Wakubwa shikamooni, na vijana wa ofisini kwenu hamjambo. Mimi napika maharage nyuma ya stendi, huu mwaka wa kumi na tisa. Maharage, wali, chapati, chai ya rangi na ya maziwa, na siku ya gulio naongeza makande. Jina la mji nimeliacha makusudi. Ninyi mnajijua, na barua hii ikifika Njombe, Makambako au Mafinga najua kuna mama mwenzangu atadhani imeandikwa jikoni kwake. Itoshe kusema tuko mkoa wa Mbeya, mji wa wakulima, milima iko mgongoni na bonde la Songwe liko mbele.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Oktoba ya mwaka juzi nilimgombeza dada mmoja sokoni, watu wakasimama kutazama. Alikuwa ameniuzia kilo ishirini za maharage aina ya kablanketi, na kablanketi ndiyo inayoniletea wateja. Nililoweka usiku, nikabandika saa tisa alfajiri kama kawaida yangu ili abiria wa basi za kwanza wakute chakula. Saa moja asubuhi maharage yalikuwa bado yanagongana sufuriani kama kokoto. Nikapakua hivyo hivyo. Dereva mmoja wa fuso akatoa punje mdomoni, akaiweka pembeni ya sahani, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, hii ni ya kula au ya kupanda?"

Basi nikaenda sokoni nimebeba aibu ya yule dereva. Nikamwambia yule dada maharage yake ni ya msimu wa juzi, yamelala ghalani mpaka yamekuwa mawe. Na ni kweli maharage yakikaa sana huwa hivyo, sikulitunga hilo. Alinisikiliza hadi nikaishiwa. Kisha akasema, "Mama, haya haya anachukua mpishi wa shule ya kule juu na hajaniambia kitu. Kapike kilo moja kwa maji ya mvua, halafu urudi tugombane vizuri."

Maji ya mvua mwezi wa kumi unayapata wapi? Nikakumbuka tangi la kanisani lililojaa tangu Aprili, nikaomba ndoo mbili. Niliwasha majiko mawili ya mkaa, nikabandika sufuria mbili zinazolingana, maharage ya mfuko mmoja, kila sufuria imelowekwa kwa maji yake. Sikutia chumvi wala kitunguu. Ya tangi yaliiva kwa saa moja na dakika arobaini. Ukiminya punje kwa vidole viwili inapondeka yenyewe. Ya bomba nilikaa nayo saa tatu, nikaongeza mkaa mara mbili, na bado ukitafuna kuna kitu katikati kinagoma. Nilipoziosha, sufuria ya bomba ilikuwa na mstari mweupe ukingoni, unga mkavu unaokwaruzika kwa kucha. Ya mvua haikuwa nao.

Jioni ile nikarudi sokoni na chapati nne kwenye hotipoti. Alizipokea. Tangu siku hiyo sijawahi kumwomba apunguze bei.

Mtoto wa mdogo wangu anasoma kidato cha tano, anachukua kemia. Alipokuja kunisalimia nikamwonyesha ule unga mweupe. Akanieleza kwamba maji yakipita kwenye mawe yenye chokaa huyeyusha madini mawili, kalsiamu na magnesiamu, na hayo ndiyo yanayofanya maji yaitwe magumu. Ndani ya harage kuna gundi inayoshikanisha chembe zake, wao wanaiita pektini. Ukipika kwa maji laini ile gundi huyeyuka, harage linalainika. Kalsiamu ikiingia inaikaza. Halafu akaongeza jambo ambalo nimepika miaka yote hii bila kulijua: hapa kwetu, kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzijoto kama 94 tu, si 100 kama Dar es Salaam. Kwa hiyo mpishi wa nyanda za juu anaanza akiwa tayari yuko nyuma. "Sasa mama mkubwa," akasema, "wewe unapigana na mlima na bado unapigana na bomba."

Siku hiyo hiyo tukafanya jaribio. Alikwangua sabuni ya mche, akaiyeyusha kwenye kikombe cha maji ya mvua ya uvuguvugu. Tukachukua chupa tatu za nusu lita: ya kwanza maji ya tangi la kanisa, ya pili ya kijito kinachoshuka mlimani, ya tatu ya bomba langu. Kila chupa tunatia kijiko kimoja cha chai cha ile sabuni, tunafunga, tunatikisa, tunaangalia kama povu linakaa dakika nzima. Chupa ya mvua ilihitaji kijiko kimoja. Ya kijito viwili. Ya bomba langu tulifika kijiko cha tisa, na kabla ya hapo maji yalikuwa yamegeuka kama maziwa yaliyoganda, vipande vyeupe vinaelea juu. Ile ndiyo sabuni yangu ninayoinunua. Inamalizana na chokaa kwanza, kinachobaki ndicho kinaosha vyombo.

Mwezi wa tano uliofuata, mvua zimekatika lakini chemchemi bado zimejaa, nikarudia peke yangu. Bomba langu, chupa zile zile, kijiko kile kile. Povu likakaa kwenye kijiko cha pili.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuna jambo hamjatuambia. Bomba ni lile lile na mita ni ile ile, wala bei ya uniti haikubadilika, ila maji ni mengine. Nilimuuliza fundi mmoja anayeunganisha mabomba mtaani, akacheka: "Mama, kiangazi chemchemi zikipungua wanawasha kisima. Kila mtu anajua." Mimi sikujua. Wala yule dada wa sokoni hakujua sababu. Alijua tu kwamba kuna miezi wateja wake wanamtukana.

Silalamiki kwamba mmewasha kisima. Afadhali maji magumu kuliko bomba kavu, na tumewahi kuyaona yote mawili. Na sishangai maji ya kisima kuwa na chokaa. Maji ya chemchemi za juu yanapita kwenye miamba isiyo na chokaa nyingi, yanatoka mepesi. Ukishuka kuelekea Songwe ni nchi nyingine: chemchemi za maji moto zimekuwa zikitandaza mawe ya chokaa bondeni kwa maelfu ya miaka, watu wanayachoma kutengeneza chokaa ya kupaka nyumba, na kiwanda cha saruji kikajengwa huko kwa sababu hiyo hiyo. Kinachojenga nyumba zetu ndicho kinachokaa kwenye birika langu.

Birika lenyewe mlione. Chini kuna gamba jeupe nene kama ganda la yai, na lile la umeme nililonunulia chai ya haraka lilikufa ndani ya msimu mmoja. Hita ya kuchovya kwenye ndoo ndiyo usiseme, chuma chake kimevaa koti. Umeme unapasha koti kwanza ndipo maji yapate. Na chai ya rangi, hii ya Rungwe tunayojivunia, ikikaa dakika mbili inaota utando juu kama mafuta. Mteja mgeni anafikiri sikuosha kikombe. Nimeshamwoshea kikombe mteja mmoja mara mbili mbele yake, na mara ya pili kwa hasira, Mungu anisamehe.

Mtaani watu wanayaita "maji ya chumvi". Si ya chumvi, ukionja hayana chumvi, lakini hatuna jina lingine la kila siku. Na jina likikosekana, hofu inapata pa kukaa. Jirani yangu anaamini yanaleta mawe kwenye figo, mwingine anasema yanakata nywele. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo chochote cha kiafya kwa ugumu wa maji, na kalsiamu na magnesiamu ni madini ambayo mwili unayahitaji. Hilo nimelisoma mwenyewe. Lilipaswa kubandikwa na ninyi pale kwenye kioski cha maji kabla sijalitafuta kwenye simu ya mtoto.

Nilikuja ofisini kwenu. Binti wa dirishani alinipokea vizuri, akanipa kiti, akapiga simu ndani, akarudi: "Mama, maji yetu yako ndani ya kiwango."

"Kiwango gani, mwanangu?"

"Cha taifa."

"Na yetu ni ngapi?"

Akanitazama. Hakuwa na namba, na sikumlaumu, maana hakuna aliyempa. Tukaagana.

Nikaenda kutafuta hicho kiwango. Kile cha Afrika Mashariki kinachotumika kwetu kinaruhusu ugumu hadi miligramu 300 kwa lita kwa maji yaliyosafishwa, na 600 kwa maji ya asili. Shirika la Afya Duniani nalo linasema ugumu ukipita kama 200, mabomba na vyombo vya kuchemshia huanza kuvaa magamba. Waheshimiwa, zitazameni hizo namba pamoja. Mnaweza kuwa na 280, mkawa mmetimiza kiwango, na birika langu likafa. Kwa hiyo "tuko ndani ya kiwango" ni jibu la kweli lisilonisaidia kitu. Mimi naitaka namba yenyewe, kwa sababu nikijua mwezi huu ni 80 nitaloweka kwa maji ya bomba, na nikijua ni 280 nitanunua madumu matano kwa kijana wa mkokoteni anayechota kijitoni, na sitamgombeza mtu sokoni.

Mtaniambia mbona mama zetu walitia magadi na maharage yakaiva. Yaliiva, ni kweli, na sasa najua kwa nini: magadi huiangusha ile kalsiamu chini na kulainisha ile gundi. Lakini magadi mengi ya nchi hii yana floraidi, na floraidi ikizidi ndiyo inayoyapaka meno ya watoto rangi ya kahawia kama tunavyowaona ndugu zetu wa Arusha na Manyara. Magadi yenyewe pia yanakula vitamini ya harage. Kwa hiyo nikitia magadi kila siku kwa wateja mia moja na hamsini, wakiwemo watoto wa shule, nitakuwa naondoa tatizo moja na kuwapakulia lingine kwenye sahani. Siku hizi natia ncha ya kijiko, na kuna siku sitii kabisa. Kuchemsha nako kunaondoa sehemu ya chokaa, ile inayobaki kwenye birika, ila kuchemsha maji ya kulowekea maharage ni mkaa juu ya mkaa.

Nimesema sana juu ya chokaa kwa sababu ndiyo inayoonekana. Yapo mengine hayaonekani, na hayo ndiyo yananiamsha usiku.

Januari na Februari, mvua ikinyesha usiku kucha huko juu, asubuhi bomba linatoa rangi ya chai ya maziwa. Tunakinga, tunaacha itulie, tope linabaki vidole viwili chini ya ndoo. Mnatia klorini, najua, siku nyingine naisikia harufu yake na wateja wanalalamika. Mimi siku hiyo nalala vizuri. Inayonitisha ni siku ya tope isiyo na harufu. Klorini inayotakiwa kubaki kwenye maji hadi bombani kwangu ni kidogo mno, miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, na maji ya tope huimaliza njiani huku vijidudu vikijificha kwenye chembe za udongo. Kwa mpishi, kipimo hicho kimoja cha siku hiyo kingetosha kuniambia kama naweza kuosha kachumbari kwa maji ya bomba au la. Hatujasahau kipindupindu kilichoanza Agosti 2015 kikazunguka nchi nzima. Ugonjwa ule ukiingia, mgahawa wa kwanza kufungwa ni wa mama kama mimi, na hakuna anayeuliza ndoo yangu ilijazwa wapi.

Halafu kuna mashamba. Hapa nitasema kwa sauti ya chini, maana nami nina nusu eka ya viazi kule juu. Tumelima tukiupanda mlima, tukapanda, sasa tumefika kwenye macho ya chemchemi. Tunamwaga mbolea za yurea na kani, viazi vikishikwa na ugonjwa wa bakachelewa tunapulizia dawa kila wiki, na nimeona kwa macho yangu kijana akisuuza solo, lile bomba la mgongoni la kupulizia dawa, kijitoni, povu la dawa likashuka taratibu. Nilimkemea. Akaniuliza, "Mama, kwani wewe la kwako unasuuzia wapi?" Sikuwa na jibu la haraka. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na vyanzo vya maji, na sidhani tuna mtu mtaani kwetu aliyewahi kuzipima hizo mita. Mimi nilizihesabu kwa hatua baada ya siku ile. Mstari wa chini wa viazi vyangu uko ndani. Msimu huu nimeuacha upumzike, majani yameota.

Mbolea inayooshwa na mvua inaweza kuingia kwenye maji kama naitreti, na naitreti haina rangi wala harufu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kukoroga, ambao damu yao hushindwa kubeba hewa vizuri. Na hapa ujuzi wetu wote wa jikoni unakwama: ukiyachemsha, maji yanapungua kwa mvuke, naitreti inabaki pale pale, ikiwa nyingi zaidi katika maji machache. Yule mama mwangalifu anayechemsha ndoo dakika ishirini ndiye anayeharibu. Huenda chemchemi zetu hazina hata chembe. Namba mnazo ninyi, kama mmepima. Na kama hamjapima mahali ambapo viazi vimefika hadi machoni pa chemchemi, basi na hilo semeni.

Ninachoomba ni kidogo, na wala hakihitaji mradi wa mabilioni. Kila mwezi simu yangu inalia: ndugu mteja, umetumia uniti kadhaa, unadaiwa shilingi kadhaa, namba ya malipo ni hii. Ujumbe huo unafika hata nikiwa msibani Tukuyu. Njia mnayo, namba zetu mnazo, maneno yanafika. Kwenye ujumbe huo huo wekeni mstari mmoja: mwezi huu mtaa wenu unapata maji ya chemchemi, au ya kisima, au mchanganyiko; ugumu ni kiasi hiki. Na siku mnayowasha kisima, au siku ya tope, tumeni mwingine hata kama hakuna pesa ya kudai. Asiye na simu abandikiwe karatasi kwenye kioski, kwa Kiswahili, kwa maandishi makubwa, ieleze klorini, tope na naitreti. Maabara zipo, na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019 haikuwapa kazi ya kutuuzia uniti peke yake.

Msipotaka kubandika, nitaomba kwa njia nyingine, bila ugomvi. Ibara ya 18 ya Katiba inanipa haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu ya maisha yangu na shughuli zangu, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inawapa siku 30 kunijibu. Mtoto amenisaidia kuiandika hiyo barua ya pili, iko kwenye droo ya pesa pamoja na leseni ya biashara. Ningependa ibaki humo.

Najua mnajiandaa kwa mambo makubwa. Tunasikia habari za maji ya Mto Kiwira kuletwa jijini, na sisi wa pembeni tunangoja tuone bomba litafika wapi. Likifika, tutashukuru. Ila maji yatakuwa mapya tena, na mabomba ya chuma ni yale ya zamani, yaliyozoea maji ya leo. Mtoto aliniambia maji laini sana nayo hula chuma, yakatoka mekundu asubuhi. Kwa hiyo siku hiyo nayo tutahitaji ule mstari mmoja kwenye simu, nisije nikamfuata fundi wangu wa bomba na kumgombeza bure kama nilivyomfanyia yule dada.

Chupa zangu tatu bado ziko kabatini juu ya vikombe, nimeziandika kwa kalamu: mvua, kijito, bomba Oktoba. Ile ya Oktoba imeacha duara jeupe kwenye kioo. Mtu wenu wa maabara akipita stendi aulize mama wa kablanketi, wataonyesha. Aje kabla ya saa nne, baada ya hapo nina foleni.

Wenu,
Mama wa mgahawa nyuma ya stendi